Kinyaa Mpaka Kizingitini

Wiki hiyo nilikuwa nimefundisha darasa la saba neno kinyaa. Niliwaambia limetokana na kunya, sawa na kinyesi, wakacheka mpaka nikapiga meza. Kisha nikawaeleza maana: uchafu ambao mtu akiuona, moyo humchafuka. Nilijiona mtaalamu kweli.

Nilikuwa mwalimu mgeni Timau, kapera, nimepanga chumba nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Miezi ilipita bila mtu kupiga hodi. Usipotembelewa, sufuria ya jana haina haraka. Ukoko wa ugali uliota ukungu, maganda ya viazi yakalala chini ya kitanda, na baridi ya huko ikanipa sababu ya kutofua. Upweke niliuzoea kuliko nilivyozoea harufu.

Jumamosi moja asubuhi nikasikia hodi. Alikuwa mama, ametoka Githongo na kikapu cha ndizi. Nikaufungua mlango wote kwa furaha, nimesahau kilichokuwa nyuma yangu.

Alitazama kwa muda mrefu. Nyumbani tulizungumza Kimeru tu, lakini siku hiyo alitumia Kiswahili, kama anayesema na mtu baki.

"Mwalimu, hii nyumba yako iko na kinyaa."

"Ingia, mama," nikasema.

Nilijua hawezi. Kwetu mwana akishatahiriwa, mama yake hakanyagi ndani ya nyumba yake. Lakini nilitaka aingie, aketi hata juu ya ndoo, anigombeze kama zamani.

"Nipatie ufagio," akasema.

Akafagia baraza yote mpaka kizingitini. Hapo akakoma, akanirudishia ufagio. Nikafagia kutoka kitandani kuja mlangoni, naye akapokea taka zangu kwa kipande cha katoni, mara nne, bila kuvuka. Niliona aibu, na bado niliomba moyoni taka zisiishe.

Zilipoisha alinipa ndizi, akasema anaondoka asije akachelewa gari. Alikuwa ameshapita kona nilipokumbuka sikumpa hata chai, na kwamba sikuwa na kikombe kimoja kisafi. Nikaosha kimoja mbio mbio, nikanunua chai kwa hoteli ya jirani, nikamkimbilia stejini huku inanimwagikia vidoleni.

Gari lilikuwa limeondoka. Niliinywa mwenyewe, nimesimama palepale, na ilikuwa imeshapoa.