Nililetewa binamu anitunze moyo, sasa wanataka awe mke mwenzangu

Admin, nifichie jina tafadhali, Garissa ni ndogo na watu tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nina mume na binti mmoja, nitamwita Hibo, na ninaugua moyo. Nilipokuwa mtoto nilikuwa naumwa koo kila mara, baadaye viungo vikavimba, mwisho vali za moyo zikaharibika. Tangu hapo nadungwa sindano ya penisilini kila mwezi. Mume wangu, mfanyabiashara wa ng'ombe, alinioa akijua hayo yote.

Mwaka jana jino lilinisumbua, nikaenda kung'olewa na mtu anayefanya kazi hiyo sokoni. Hakuniuliza kama nina ugonjwa wowote, na mimi sikujua jino na moyo vinahusiana. Baadaye homa ikaanza. Inapanda, inashuka, natoka jasho mpaka shuka inalowa. Nikatibiwa malaria, nikatibiwa taifodi, wapi! Nikakonda, hata kufua kanzu moja nahema kama nimekimbia.

Mama akamleta binti wa mama mdogo kutoka Sangailu anisaidie. Nitamwita Hamdi. Ni msichana wa miaka ishirini na mbili, mcheshi, mwenye afya. Ni yeye aliyesema, "Abaayo, dada yangu, hii si malaria. Twende hospitali kubwa, uwaambie una ugonjwa wa moyo." Alinishika mkono mpaka huko. Wakapima damu, wakapiga picha ya moyo. Daktari akaniambia, "Mama, bakteria wameingia kwenye damu, pengine kupitia lile jino, wakakaa kwenye vali iliyoharibika. Ungechelewa kidogo tungekupoteza." Nikalazwa wiki nyingi, dripu mkononi, antibiotiki juu ya antibiotiki.

Hamdi akabaki nyumbani kwangu.

Niliporudi, nimebaki mifupa, binti yangu alianguka uani akalia akiita mama, "Hooyo!" Nikajiinua mkekani, nikamfungulia mikono mimi mama yake. Akanipita mbio, akaenda kujificha kwenye nguo ya Hamdi. Walahi, sindano zote zile hazikuniuma hivyo.

Tangu siku hiyo naona kila kitu. Mume wangu anasifu mikate ya anjera ya Hamdi. Chai ya maziwa ya ngamia anaitaka iliyopikwa na Hamdi. Akitoka soko la mifugo anamsimulia yeye vituko vya madalali, mimi ananiuliza tu, "Umekunywa dawa?" Nimekuwa mgonjwa wake, si mke wake. Nikiwasikia wanacheka jikoni moyo unanienda mbio, na siwezi kujua ni vali au ni wivu.

Wiki iliyopita mama mkwe akaja. Akaniambia bila kuzunguka, "Mwanangu anataka watoto, na wewe daktari amekukataza mimba mpaka ufanyiwe upasuaji wa vali. Dini inaruhusu. Badala ya kuletewa mtu usiyemjua, si afadhali damu yako?" Mume wangu alikuwa ameketi hapo hapo, macho kwenye simu. Nikamuuliza, "Na wewe unasemaje?"

"Mama Hibo, bila radhi yako sitafanya."

Hakusema hataki. Nyinyi wanawake mmesikia? Hakusema hataki.

Nikamfuata Hamdi jikoni, anachambua mchele. Nikamuuliza, "Unamtaka mume wangu?" Akaweka mchele chini, machozi yakamtoka. "Abaayo, nikisema simtaki nitakudanganya. Lakini hajanigusa, na mimi sijamwambia neno. Ukisema niende, kesho napanda gari la Sangailu, na sitakuwekea kinyongo." Kisha akanawa mikono, akaniletea vidonge vyangu na maji.

Afadhali angenijibu vibaya, ningejua pa kumchukia. Huyu ndiye aliyeniokoa, na ndiye namuonea wivu mpaka silali. Nikimfukuza, mtoto atalia, nyumba itanishinda, na mama mkwe ataleta mwingine asiyenijua. Nikikubali, nitakuwa nalala chumba hiki nikiwasikia wanacheka chumba cha pili, huku nikisubiri siku yangu ya upasuaji Nairobi. Wengine wataniambia nisubiri nipone kwanza. Je, nikipona, mume atakuwa bado ananisubiri?

Mama mkwe anarudi Ijumaa baada ya swala kuchukua jibu. Dada zangu, kaka zangu, nimwambie nini?