Viatu vya Namba Kumi na Moja

Mume wangu alikichunguza kiatu changu kabla hajanichunguza uso. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nimempelekea kiatu kilichoachia soli. Akakigeuza, akakitazama kisigino, akanitazama mimi, kisha akarudi kwenye kisigino. "Wewe unatembea sawasawa," akasema. Nikadhani ananitania. Wiki tatu baadaye alikuwa sebuleni kwa baba yangu, amevaa shati la mikono mirefu, anatoka jasho. Hadi leo nikimuuliza kwa nini alinioa, hujibu kwamba visigino vyangu vilikuwa vimelika sawa pande zote mbili, na mtu wa namna hiyo hana mambo ya kificho. Nimezaa naye watoto watatu na bado sijaamua kama nilisifiwa au nilitukanwa.

Hamwamini mtu, ndiyo tabia yake. Maziwa huyanusa hata kama nimeyachemsha mbele ya macho yake. Mteja akimwambia kazi yake nzuri, humsubiri afike kwenye kona, halafu husema, "Huyu ana lake jambo." Daktari alipomwambia presha yake iko sawa, alitafuta daktari wa pili ili amchunguze wa kwanza. Kitu pekee anachokiamini duniani ni soli. Mtu atakudanganya kwa mdomo mchana kutwa, husema, lakini hajui jinsi ya kuidanganya soli yake mwenyewe.

Banda letu ni chumba kimoja chenye mlango wa mabati. Yeye hukaa mlangoni, mwanga umwangukie mapajani, na mimi hukaa nyuma kwenye cherehani nikishona ngozi za juu. Katikati kuna kopo la gundi, kalibu za mbao za kuumbia viatu, na kila wiki mbili, gunia la viatu vya timu ya mpira wa kikapu ya kiwanda cha magodoro. Kiwanda huwanunulia wachezaji wote viatu vya aina moja, kwa hiyo kila mmoja huandika namba ya jezi yake kwa kalamu ndani ya ulimi wa kiatu, visije vikachanganyika. Tumeishona timu ile miaka kumi na sita, na mume wangu hajakanyaga uwanjani hata siku moja. Wachezaji wote anawajua kwa miguu.

Namba kumi na moja ni Kapteni. Ana miaka thelathini na minane, mchana ni karani wa ghala la kiwanda, jioni ni mtu ambaye watu hulipa kiingilio kumwona. Goti lake la kulia liliumia zamani, na miaka miwili iliyopita kisigino cha kiatu chake cha kulia kilianza kulika upande wa nje, kama sabuni iliyotumiwa na mtu mvivu. Mume wangu aliliona hilo kabla ya watu wote, akanionyesha, akanikataza kulisema.

Namba nne ni kijana wa miaka ishirini, mrefu kiasi kwamba akiingia bandani kwetu huinama mara mbili. Wanamwita Twiga. Hao wawili ndio waliogawa mtaa mzima mwanzoni mwa msimu huu, maana timu huandikisha majina kumi na mawili tu, na kumi na moja yalikuwa yameshapatikana. Kinyozi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa upande wa Twiga, akipigia debe ujana kana kwamba yeye mwenyewe hana mvi. "Kijana akikaa benchi anaoza," alikuwa akiwaambia watu ambao shingo zao ziko chini ya wembe wake, kwa hiyo walikubali. Mimi nilikuwa kwa Kapteni. Mpira akiushika yeye, hata wale wengine wanne huonekana wana akili. Mume wangu hakuwa upande wowote. Alikuwa anataka kujua kwanza kwa nini kila mtu anamuuliza.

Jumatatu kocha akaja bandani. Hajawahi kuja, viatu huletwa na wachezaji wenyewe.

"Fundi, za kazi?"

"Njema. Viatu vyenu bado havijaletwa."

"Sikufuata viatu." Akavuta kigoda bila kukaribishwa. "Nina nafasi moja na watu wawili. Nikimuuliza Kapteni kuhusu goti, ananiambia halijapata kuwa zima kama sasa. Nikimuuliza daktari wa timu, huyo wanacheza karata pamoja. Wewe unaviona viatu."

"Kwa nini usimwangalie uwanjani?"

"Uwanjani ana ujanja mwingi, anaficha. Nitapita Ijumaa asubuhi. Uniambie tu, lile goti linabeba au halibebi."

Alipoondoka, mume wangu aliweka nyundo chini. "Umemsikia? Anataka kumtema mtu wa watu, halafu aseme fundi viatu ndiye aliyesema."

"Labda anataka kujua tu," nikasema.

"Hakuna anayetaka kujua tu."

Nikamwambia Kapteni ni rafiki yake wa miaka kumi na sita, basi aseme goti linabeba, yaishe. Akaniuliza tangu lini nimeanza kumfundisha uongo. Nikamwambia basi aseme kweli. Akaniuliza kama nataka kumwona Kapteni anakaa jukwaani na watazamaji. Nikarudi kwenye cherehani yangu, maana mtu huyu ukimpa milango miwili atashuku yote miwili.

Jumatano Twiga akaja na jozi mbili, vyake na vya Kapteni. "Kapteni ana kazi ghalani," akasema, "kaniomba nivilete na vyake." Alisimama akiangalia dari letu la mabati muda wote, akaaga haraka. Machale yalimcheza mume wangu papo hapo. Alivigeuza viatu vile kabla kijana hajafika barabarani.

Viatu vyenye namba kumi na moja vilikuwa vimelika mbele, chini ya vidole, kushoto na kulia sawia. Hiyo ni miguu ya mtu anayeruka. Kisigino cha kulia kilikuwa kizima kabisa. Viatu vyenye namba nne, kisigino cha kulia kilikuwa kimekwisha upande wa nje.

"Goti limepona?" nikauliza, mjinga mimi.

Alinirushia kiatu chenye namba nne. Ubavuni kulikuwa na mshono wa uzi wa kahawia, na mshono ule ulikuwa wangu. Mwezi uliopita uzi mweusi uliniishia nikiwa nashona kiatu cha Kapteni, nikamalizia kwa wa kahawia, nikamwomba radhi akacheka. Kijana alikuwa amefuta namba na kuandika nyingine, wino bado unang'aa, lakini hakujua kwamba mshonaji anaweza kuujua mkono wake katika uzi.

"Wamebadilisha," mume wangu akasema. "Ili nimwambie kocha Kapteni mzima, Twiga ndiye mbovu. Sasa niambie, mtoto wa miaka ishirini atajichimbia kaburi mwenyewe?"

"Hawezi."

"Basi kuna aliyemshika shingo. Nani aliyemtuma avilete? Kasema mwenyewe."

Hapa niseme ukweli wangu: na mimi niliamini. Niliyekuwa namcheka mume wangu kwa kunusa maziwa, niliona jambo lile limekaa sawa kabisa kichwani. Nilimwona Kapteni amemvuta kijana pembeni, anamwambia kwa upole kama anavyosema kila kitu: nipishe mwaka huu, mwanangu, mimi ndiye niliyekuleta hapa. Nilichukia hadi nikapindisha mshono.

Alhamisi mchana mume wangu alizitia jozi zote mbili kwenye mfuko, akaelekea kiwandani. Nikafunga banda nikamfuata, maana akikasirika husema mambo yote kwa mpigo.

Kapteni alikuwa ghalani, kati ya magodoro yaliyopangwa hadi juu, karatasi za mizigo mkononi. Alitabasamu alipotuona. "Shemeji, leo mmekuja kununua godoro?"

Mume wangu alivimwaga viatu juu ya godoro. "Miaka kumi na sita nakushonea," akasema. "Ungeniomba mimi nikudanganyie, ningekasirika, yangeisha. Lakini kumlazimisha kijana akupe miguu yake, ili kocha akija kwangu nimuue yeye badala yako, hiyo ni roho mbaya."

Kapteni alitazama viatu, akamtazama mume wangu, akanitazama mimi. Akavishika kimoja kimoja. Alipofika kwenye uzi wa kahawia alikaa nacho muda. Nilikuwa naungoja uso wake ubadilike kama wa mtu aliyefumaniwa, na haukubadilika hivyo. Ulibadilika taratibu, kama wa mtu anayesomewa barua. Hapo nikajua tumekosea. Mume wangu alijua pia, niliona mabega yake yakishuka.

"Kocha alikuja kwako?" Kapteni akauliza.

"Jumatatu."

"Hukuniambia."

Mume wangu akaanza kuvirudisha viatu mfukoni.

"Na ungemwambia nini?"

"Ninachokiona."

Kapteni akaketi juu ya magodoro, mguu wa kulia ameunyoosha. "Nilitaka msimu mmoja," akasema. "Mmoja tu, niage mwenyewe. Kocha angenikata, ningegombana naye, ningemlaumu hadi uzeeni, na ningekuwa na raha yangu. Lakini kumbe kijana niliyemfundisha kushika mpira ameshaanza kunionea huruma. Ananiachia kiti kama mzee ndani ya basi." Akamwita dereva wa lori, akamtilia sahihi karatasi yake, akahesabu magodoro mangapi yamepakiwa, akamwambia aende. Kisha akatugeukia. "Nendeni tu. Nitaongea na kocha mwenyewe."

Njiani nilitamani mume wangu aseme lolote, hata anishuku mimi.

Ijumaa asubuhi kocha hakupita. Saa sita majina yakabandikwa kwenye geti la kiwanda, na kinyozi alikuja kutuhadithia na kitambaa bado begani: Twiga yumo, Kapteni hayumo, na eti Kapteni mwenyewe ndiye aliyemwambia kocha amfute. Amerudisha hata ufunguo wa chumba cha mipira. Mazoezini haji tena. Kinyozi alikuwa ameshinda, lakini hakuonekana ana furaha. Alikaa kidogo, akaondoka.

Alasiri Twiga akaja kuchukua viatu. Safari hii hakuangalia dari.

"Fundi, umemwambia nini Kapteni?"

"Ulijuaje kocha ataniuliza mimi?" Mume wangu, hata siku ile, alianza na swali lake.

"Nilimsikia anamwambia msaidizi wake. Nilikuwa nyuma ya mlango, nafunga kamba."

"Ukamwonea huruma mwenzako."

"Huruma?" Kijana alimtazama kama mtu aliyeambiwa kitu cha kipuuzi. "Huruma ya nini, fundi? Mimi nina miaka ishirini. Nikikaa nje msimu mmoja bado nina kumi na mitano. Yeye anajua pasi itakwenda wapi kabla mwenye mpira hajaamua, na mimi bado sijui anajuaje. Wasioandikishwa wanaendelea na mazoezi. Ningefanya naye mazoezi mwaka mzima, kila jioni, nimnyonye yote aliyonayo. Nilimtaka abaki kwa faida yangu." Akavivuta viatu karibu. "Sasa nafasi nimepewa, na wa kunifundisha ameondoka. Nimemfuata kwake, hafungui."

Akachukua viatu vyake, vile vyenye namba kumi na moja, akainama mara mbili akatoka.

Nilimtazama mume wangu, nikisubiri aseme kijana ana lake jambo. Alikuwa ameshika uma wa kushonea, hasogei.

"Unamwamini?" nikamuuliza.

"Ndiyo," akasema. Sijawahi kulisikia neno hilo kwake likiwa peke yake, bila "lakini" nyuma. Akavua aproni. "Twende."

Kapteni anakaa nyumba ya tatu nyuma ya shule, mlango wa bluu. Mume wangu alibisha mpaka akafunguliwa, nadhani kwa sababu niliita mimi. Kapteni alisimama kizingitini, uzito wote kwenye mguu wa kushoto, na mume wangu akaanza kumwaga maneno bila mpangilio: kwamba kijana hakumwonea huruma, kwamba anamhitaji, kwamba arudi hata mazoezini tu, jezi asahau, kwamba kosa ni lake yeye fundi aliyeona njama pasipo na njama. Alisema hadi jasho likamtoka kama siku ile sebuleni kwa baba yangu. Sijapata kumpenda kama nilivyompenda dakika zile.

Kapteni alimsikiliza hadi mwisho. "Fundi," akasema, "tangu nikujue hujawahi kumsemea mtu neno jema. Leo umeanza. Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Ni kocha? Anaona aibu?"

"Hapana."

"Basi ni Twiga."

"Twiga hajui kama niko hapa. Nakwambia ninachokiamini mimi."

"Wewe," Kapteni akasema, wala si kwa ubaya. Alinitazama mimi, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayenipa pole, kisha akafunga mlango. Mume wangu alibaki pale barazani, akiuambia ule mlango kwamba anasema kweli.