Siku Niliyolamba Udongo wa Uwanja wa Gofu

Hili nalisimulia huku nimeshusha kofia usoni, kwa hiyo msinitazame sana, ila mkifika Kahama mkasikia mtu anaitwa Mzee wa Sampuli, ndiyo mimi, na jina nilijipa mwenyewe kwa ulimi wangu.

Zamani, kabla sijaanza kuzurura (na nimezurura: Chunya, Nyarugusu, popote niliposikia pana dhahabu), mimi na mwenzangu wa kazi, Mama Kulwa, tulikuwa tunabeba mikoba ya wachezaji kwenye uwanja mdogo wa gofu nje ya mji, na jioni wenyewe wakiondoka tulibaki tukipiga mipira, na bila kujisifu (haya, kwa kujisifu) nilikuwa napiga kuliko wote. Harufu ya nyasi zile ilinifuata mpaka ndani ya mashimo ya Nyarugusu.

Basi mwaka jana nikarudi, nimechoka kulala kwenye maturubai, nikasikia uwanja unatafuta mwalimu wa watoto, kazi ya kudumu na chumba juu yake. Chumba, jamani! Mimi ambaye sijawahi kuwa na mlango wangu mwenyewe! Waombaji tulikuwa wawili, mimi na Mama Kulwa, na kila mmoja angepiga mipira mitatu mbele ya kamati. Katibu, mzee mpole wa miwani, akaniambia, "Una wiki mbili, Baba Shija. Fimbo zipo, njoo ujizoeze."

"Usijali, mzee wangu. Mkono hausahau."

Wiki mbili zote nikakaa kijiweni, nakunywa kahawa, nasimulia nilivyokuwa napiga.

Siku ikafika. Mama Kulwa akapiga mitatu, yote imenyooka kama kamba ya fundi.

"We mama, umejifunzia wapi tena?" nikamnong'oneza.

"Nyuma ya nyumba. Kila jioni, miaka yote. Na wewe umefanya mazoezi?"

"Simba anafanya mazoezi ya kunguruma?"

Akacheka tu.

Mpira wangu wa kwanza haukuguswa, nilipiga upepo, nikazunguka mwenyewe hadi nikawa natazamana na kamati. Wa pili nikasema sasa natumia nguvu, na hapo mjue kwamba mikono hii kwa miaka kumi na mitano imefanya mazoezi kila siku, ila ya nyundo ya kupasulia mwamba. Fimbo ikashuka wima, ikazama, likang'oka bonge la udongo kubwa kama sahani, mpira ukabaki pale pale. Na mimi, bila kufikiri (Mungu anisamehe), nikainama, nikaliokota, nikaligeuza juani, nikalilamba nione kama linametameta, kama tufanyavyo na sampuli ya mwamba shimoni.

Nje ya uzio palikuwa na wachimbaji wamesimamisha pikipiki wanatazama. Mmoja akapaza sauti, "Mzee! Dhahabu inaonekana?"

Mdomo ukajibu kabla yangu: "Kidogo!"

Weee! Uzio ukarukwa. Majembe yalitoka wapi sijui, na mama mmoja aliyekuwa anauza karanga alimwaga karanga zake akaja na karai tupu. "Hapa duara langu, shimo nachimba mimi!" "Toka, nimewahi mimi!" Katibu anakimbia huku na huku, miwani mkononi, "Jamani, hizo ni nyasi za kupandwa!" Mama Kulwa ameketi chini, anajifuta machozi, "Mayoo! Baba Shija umefungua machimbo!"

Ilichukua saa nzima kuwatoa. Kisha katibu, bila kunitazama, akasema, "Umebakiwa na mpira mmoja." Nikaupiga. Ukaenda kando, ukavuka uzio, ukatua ndani ya karai la yule mama, ngwaa!

Kazi akapewa Mama Kulwa, na ni haki yake. Siku hizi dirisha la chumba kile lina pazia la maua, nikipita naliangalia kidogo kisha naangalia barabara. Mimi nilipewa kazi ya kufukia mashimo. Nimejifunza kwamba mkono unakumbuka kazi ya jana, haukumbuki sifa za ujanani, na sitajisifia tena kitu ambacho sijakigusa wiki hiyo.

Juzi katibu kaniambia huenda mwakani wakahitaji mwalimu wa pili. Kijiweni walinisubiri niwasimulie. Sikwenda. Nilichukua fimbo, nikaenda kupiga mipira mpaka jua likazama.