Fundi wa Hamugembe anayesoma nyaya kwa vidole

Saa mbili na nusu asubuhi. Mvua inapiga mabati ya karakana ndogo iliyojificha katikati ya migomba ya Hamugembe, mjini Bukoba, na kwenye mlango wa Land Rover kuukuu imetokeza miguu miwili yenye katambuga za tairi. Mwenye miguu amelala chali chini ya usukani. Macho ameyafumba.

Ndugu Rweyemamu, mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa kule Muleba chenye gari hilo, anainama, anachungulia, kisha anauliza kwa sauti ya chini kama fundi amepitiwa na usingizi.

"Hajalala, waitu," anajibu kwa heshima ya Kihaya mke wa fundi, Joviana, bila kuacha kumenya ndizi. "Anasoma."

Kweli, vidole vya fundi vinatambaa juu ya waya mmoja, vinasimama, vinahesabu. Fundo la uzi la kwanza, la pili, la tatu. "Kushoto," inasema sauti kutoka chini ya usukani. Swichi inabonyezwa, na nyuma ya gari taa ya kushoto inaanza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika.

Binti yao Alistidia, mwenye miaka miwili, aliyekuwa amelala kwenye kiti cha gari lililokufa zamani, anaamka na kuipigia makofi.

Gari la Muleba kijiji kililinunua likiwa limekwisha kutumika miaka mingi, na halikuwa na indiketa hata moja. Kukata kona, dereva alitoa mkono dirishani, mvua inyeshe isinyeshe. Sasa lina taa nne. Vifuniko vyake ni vitako vya vikombe vya plastiki vya rangi ya machungwa, vilivyokatwa kwa msumeno na kusuguliwa kwa msasa. Vikombe alivichagua Joviana sokoni. Mambo ya rangi huwa anachagua yeye.

Ndugu Rweyemamu ameridhika, lakini jambo moja linamtatiza. "Kwa nini ujichoshe na mafundo, fundi, wakati nyaya zina rangi zake?"

Kisu cha Joviana kinasimama. Wameoana miaka sita, na swali hilo mumewe hajawahi kumjibu mteja yeyote kwa ukweli.

Fundi anatoka chini ya usukani. Anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine.

"Kwa sababu rangi hizo sizioni, Ndugu Mwenyekiti," anasema. "Nyekundu, kijani, hudhurungi, kwangu zote ni udongo."

Ildefons Lwakatare ana miaka thelathini na mitatu. Alizaliwa Kitendaguro, katika familia ya wakulima wa kahawa na ndizi, na shida yake ilijulikana mapema, ila haikujulikana kuwa ni shida. Watoto wenzake walichuma kahawa mbivu. Yeye alichuma mbivu na mbichi pamoja.

"Siku moja mama alimwaga kapu langu uani mbele ya shangazi zangu," anakumbuka akicheka. "Akaniita mvivu kwa Kihaya, kwa neno ambalo gazetini halitaandikika."

Basi akajifunza kubinya. Buni mbivu ni laini kidogo, mbichi ni ngumu. Kapu lake likawa safi kuliko yote, ila aliwachelewesha wenzake, na jina la mvivu halikumtoka.

Mwaka wa uhuru aliajiriwa kufagia gereji moja mjini. Hapo mikono yake ilipata kazi inayoielewa. Dainamo aliisikiliza, stata aliigusa, na waya wa betri aliutambua kwa unene wake. Baada ya miaka sita alikwishaanza kujitegemea. Nyaya zikimchanganya, alimwita Joviana, naye alikuwa akimsomea rangi kutoka jikoni kama mtu anayemtajia mwenzake bei za vitu.

Mambo yaliharibika mwaka 1969, Joviana alipokwenda kwao kujifungua mtoto wao wa kwanza, wa kiume. Fundi alibaki peke yake na Peugeot ya Mzee Burhani, mfanyabiashara wa mjini, iliyohitaji nyaya mpya za nyuma. Waya mwekundu ulikuwa wa breki, wa kijani wa indiketa ya kushoto. Akazichanganya.

Kwa siku tatu, kila Mzee Burhani alipokanyaga breki, taa ya kushoto iliwaka. Na njia ya kushoto, katika barabara ile aliyopita kila siku, ilikuwa ndiyo ya kwenda kwa mke mdogo.

"Mke mkubwa alikuwa anafuata nyuma kwenye gari la kaka yake," anasimulia Mzee Burhani, ambaye hadi leo ni mteja wa karakana hii. "Tulipofika nyumbani akaniuliza, mbona ulitaka kukata kona mara tano? Nikaja hapa nimekasirika kwelikweli. Nikamkuta Ildefons amekaa chini, ameshika kichwa. Nikamwonea huruma, nikamwambia bwana wee, tengeneza, ila ndoa yangu huiwezi."

Usiku ule ndipo alipofikiria mafundo. Fundo moja, taa ndogo. Mawili, breki. Matatu, kushoto. Manne, kulia. Waya wa betri hauna kitu, unene wake unajitaja.

Mwanzoni alifunga kwa nyuzi za mgomba. Zilikauka kwa joto la injini na kudondoka njiani. Sasa anatumia uzi wa pamba wa kushonea nyavu, anaoupaka nta. Analetewa na shemeji yake, mvuvi wa kisiwa cha Bumbire.

Mafundi wenzake wakifungua gari na kukuta mafundo wanajua limepita kwa nani. Wanamwita Fundi Mafundo. Yeye hakasiriki. "Wengine wana fundo rohoni," anasema. "Mimi yangu yote nimeyafunga kwenye nyaya."

Ajabu ni kwamba mafundo yale yamewafaa hata wenye macho mazima. Nyaya za magari ya Muleba, baada ya miaka mitatu ya vumbi, tope na mafuta, zote huwa nyeusi. Dereva akikwama porini hana rangi ya kutazama. Akiwa na gari la Ildefons, anahesabu mafundo na kujitengenezea mwenyewe.

Jina la hali yake alilipata katika masomo ya jioni ya watu wazima, miaka miwili iliyopita. Ubao ulikuwa umepakwa rangi mpya ya kijani, na Mwalimu Clotilda akaandika kwa chaki nyekundu. Darasa zima lilisoma kwa pamoja. Ildefons, aliyekuwa wa kwanza katika hesabu, alitazama ubao mtupu.

Mwalimu hakumcheka. Alibadilisha chaki, akamwita baada ya kipindi, na wiki iliyofuata akaja na kitabu cha afya kinachoiita hali hiyo upofu wa rangi na kueleza kuwa wapo wanaume wengi waliozaliwa hivyo.

"Nilikuwa nadhani kila mtu anakisia," anasema Ildefons. "Nilidhani wenzangu wanakisia vizuri kuliko mimi. Siku ile nilitembea hadi nyumbani nikiwa mwepesi."

Lakini wepesi ule haukumpa cheti. Amefanya majaribio ya ufundi, Daraja la Tatu, mara mbili, na mara zote msimamizi alianza kwa kumwaga nyaya mezani na kusema: nipe wa kijani. Mara ya kwanza alisingizia malaria.

Mara ya pili, hapa Bukoba, waliamua kudanganya. Joviana angesimama dirishani na kukohoa: mara moja kwa nyekundu, mara mbili kwa kijani. "Nikakohoa vizuri tu," anasema Joviana, akijifunika uso kwa khanga. "Msimamizi akanionea huruma. Akatoka, akanipa maji ya kunywa, akanishika mkono hadi kwenye benchi la mbali nikapumzike."

Cheti hicho ndicho kinachomkosesha usingizi sasa. Mwezi mzuri, karakana humpa shilingi mia mbili na hamsini. Mwezi wa mvua kama huu, nusu yake. Kijiji cha Ndugu Rweyemamu kinajenga karakana itakayohudumia magari na matrekta ya vijiji saba, na wamemtengea nafasi ya kuiongoza, na nyumba yenye shamba la migomba. Lakini mkoani wanadai cheti. Jaribio la mwisho kwa mwaka huu ni Jumatatu ya tarehe ishirini na tano, Mwanza. Akishindwa, nafasi anapewa mwingine.

Kwa hiyo maneno aliyoyasema asubuhi hii, mbele ya mwenyekiti mwenyewe, hayakuwa madogo.

Ndugu Rweyemamu anarudi kwenye Land Rover. Anazunguka gari, anaomba taa ziwashwe tena, ya kushoto, ya kulia, breki. Anazitazama zote mpaka mwisho.

"Nafasi yako ipo hadi mwisho wa mwezi," anasema hatimaye. "Mimi nimeona taa. Wa Mwanza utawaonyesha mwenyewe."

Mwenyekiti alipoondoka, Ildefons alieleza anachokusudia. Hataugua wala hatabahatisha. Ataingia chumbani, aseme hali yake kabla hajaulizwa, kisha awaombe wasimamizi jambo moja: nyaya zote wazipake lami ziwe nyeusi, wamwachie taa yake ya kupimia, ambayo ni balbu moja na vipande viwili vya waya, na wamhesabie dakika. Na mafundi wengine wapewe nyaya hizohizo.

Ndipo akaomba haya yote yaandikwe gazetini, pamoja na jina lake kamili.

Joviana hakukubali upesi. Wateja watakimbia, alisema. Nani atampa gari fundi ambaye gazeti zima limesema haoni nyekundu? Na watoto watakula nini, mume wangu?

"Nimejificha tangu utoto, mke wangu," alimjibu. "Wakinikataa, safari hii wanikatae wakinijua."

Joviana alimaliza kumenya ndizi zilizobaki, akaziosha, akazipanga sufuriani na kuzifunika kwa jani. Alipoinuka aliuliza gazeti hufika Mwanza siku gani. Akaambiwa, Jumamosi.

Alihesabu kwa vidole.

"Basi liandikwe," alisema. "Watakuwa na Jumapili nzima ya kulisoma."