Upepo Uliomjua Sitati

Wiki iliyopita mvua ilinikuta getini. Nikashika komeo lililoloa, na nilipoingia ndani na kukaa mbele ya televisheni mkono wangu ulikuwa unanuka kutu. Watu wengine wakipata harufu ya kutu hukumbuka misumari na mabati ya zamani. Mimi hukumbuka kisasi, tena kwa raha zangu.

Nilikuwa nimekaa na wazazi wangu, waliokuja kunitembelea kutoka nyumbani Bungoma, tukitazama kile kichekesho kipya ambacho mtaa mzima unakizungumzia. Nimetazama vipindi vyake vitatu vya karibuni na nitawapa maoni yangu bila kuombwa. Cha kwanza kilikuwa kizuri. Yule mama mkwe aliyejifungia bafuni alinichekesha hadi nikamwaga chai. Cha pili kilikuwa cha kujaza muda, watu wanapayuka tu wakidhani kelele ni mzaha. Cha tatu ndicho kilichonichoma. Walimleta fundi kutoka magharibi, anayepapia ugali na kusema "paba" badala ya "baba", na waandishi wakaona kazi yao imekwisha hapo. Nilimtazama yule fundi, nikanusa mkono wangu, nikajisemea: loo, kumbe bado mko palepale?

Ngoja niwaeleze kwa nini mimi ni mtazamaji mwenye kinyongo.

Nilikulia Kawangware, katika ploti ya Mama Shiro: safu mbili za vyumba vya mabati zikitazamana, katikati mtaro wa maji machafu na kamba za nguo, na mwisho kabisa nyumba ya mawe ya mwenyewe. Baba alikuwa fundi wa vitanda kule Makina, Kibera. Alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na jioni nyusi zake zilikuwa na unga wa mbao kama mtu aliyezeeka njiani. Mama alifulia watu nguo. Mimi, Naliaka, nilikuwa kifungua mimba wao.

Mama Shiro alikuwa na vitu viwili vilivyomfanya awe mkubwa wetu sote. Cha kwanza ni swichi ya stima ya ploti nzima, iliyokaa ukutani sebuleni kwake, nyuma ya mlango. Akinusa pasi ya mpangaji alitoka na kishada cha funguo kikilia kiunoni, akizunguka mlango hadi mlango: "Nani anapiga pasi? Nasema nani anapiga pasi?" Asipojibiwa, alirudi ndani akaibamiza swichi, na ploti yote ikala gizani. Cha pili ni televisheni. Kila Alhamisi jioni wapangaji waliruhusiwa kuingia kwake kutazama kichekesho, viatu vikibaki mlangoni, watoto wakikaa sakafuni.

Watoto wote isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa nje nimeshika antena.

Vijana wa leo hawalijui hilo, picha zinawafuata hadi kitandani. Antena ya Mama Shiro ilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya bafu na sukuma wiki zake, juu ya mlingoti wa chuma uliosimikwa ndani ya debe. Huko juu alikuwa amefunga vifuniko viwili vya sufuria ili vivute picha. Mtu wa ndani alipiga kelele, "Zungusha!" Wa nje akazungusha. "Imeshika?" "Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo!" Na ukiuachilia tu, picha ikatoroka, sijui kwa nini, kana kwamba ilitaka joto la mikono ya mtu. Basi nilibaki nimeukumbatia hadi kipindi kiishe. Shiro, binti yake, alikuwa rika langu, lakini Shiro eti alikuwa na kifua, baridi ikimpiga anakohoa. Kifua changu hakuna aliyekiulizia.

Kwa hiyo kichekesho hicho nilikijua kwa masikio tu. Nilizijua sauti zote, na sauti iliyochekwa kuliko zote ilikuwa ya Sitati, mfanyakazi wa shamba kwa tajiri mmoja, mwenye lafudhi nzito ya kwetu. Hakuhitaji kusema jambo la kuchekesha. Akisema tu, "Mama, ukali iko?" akimaanisha ugali, nyumba ya mawe ilitikisika. Mimi nje nilicheka pia, mwanzoni.

Jioni moja baba aliingia getini na pakiti ya unga kwapani na kabichi mkononi. Mferejini kulikuwa na foleni ya mitungi, na Mama Shiro amesimama hapo akihakikisha hakuna anayemwaga maji. Alipomwona baba alipiga makofi.

"Sitati amefika!" akasema. "Mama, ukali iko?"

Foleni yote ikaangua kicheko. Baba alivua kofia yake, akatabasamu, akasema, "Nimefika, Mama," akapita. Nilikuwa kwenye foleni. Niliona masikio yake yalivyobadilika rangi chini ya ule unga wa mbao. Tangu siku hiyo jina la baba likafa pale kwenye ploti. Alikuwa Sitati akienda bafuni, Sitati akilipa kodi, na wale watoto wenzangu wakaanza kuniita Binti Sitati. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, jina la baba lirudi, na aliyelichukua aumie.

Nilimwambia mama. Alikuwa akikamua shuka, hakuinua hata kichwa. "Mwenye nguvu mpishe," akasema.

Nilimdharau kwa hilo. Mimi niliamini ule msemo mwingine, kwamba dawa ya moto ni moto, na moto wangu nilikuwa nao mikononi kila Alhamisi.

Kichekesho kina mwendo wake, na mtu asiyekiona hujifunza kuusikia. Kabla ya Sitati kuongea, muziki ulikatika, mlango wa tajiri ukalia, na ndani kwa Mama Shiro watu wakavuta pumzi. Hapo ndipo nilipoupa mlingoti robo mzunguko. Mchanga ukajaa kwenye kioo. "Aaaa!" nyumba nzima ikalia. "Naliaka! Unalala huko?" Nikarudisha polepole, nikirudisha na adabu yangu: "Imeshika?" Ilikuwa imeshika, ndiyo, lakini Sitati alikuwa ameshasema na kuondoka. Alhamisi baada ya Alhamisi niliwanyima. Walipata utangulizi wote wa mzaha na wasipate mzaha wenyewe, na nikisikia Mama Shiro akisonya nilijisikia nimeshiba. Sijawahi kuwa na furaha safi namna ile, hata siku ya arusi yangu.

Mwishowe Mama Shiro akamwita fundi wa karibu na wa bure, ambaye alikuwa baba. Baba akauzunguka mlingoti, akagonga debe, akaangalia waya. Kisha akaichukua mikono yangu, akaigeuza viganja juu. Vilikuwa vyekundu kwa kutu.

"Mlingoti hauna shida, Mama," akamwambia Mama Shiro. "Hiyo ni upepo."

Tulipofika chumbani kwetu akafunga mlango. "Naliaka. Huo upepo gani unajua Sitati akitaka kuongea?"

Nilingoja kofi, halikuja. Jumamosi akanichukua nikaende naye Makina.

Mchana mafundi walikula kwa Mama Zubeda, karibu na msikiti, kwenye hoteli ndogo yenye televisheni iliyofungwa juu ya rafu kwa waya. Jumamosi walirudia kipindi cha Alhamisi. Hapo ndipo nilipomwona Sitati kwa mara ya kwanza, na nilistaajabu. Nilikuwa nimemchukia mtu mkubwa, kumbe ni kijitu kidogo chenye gambuti zinazomfika magotini. Alifungua mdomo, na hoteli ikapasuka, mafundi wa kwetu watupu, wakipiga meza. Aliyecheka kuwashinda wote ni baba yangu. Alicheka hadi akapangusa macho kwa kofia.

"Baba, na wewe unamcheka?"

"Namcheka, mama. Huyu namjua. Huyu ni mjomba wangu kabisa, hata hizo gambuti ni zake."

"Na Mama Shiro anakuita hivyo!"

Akaweka kikombe chini. "Mama Shiro hamcheki Sitati. Ananicheka mimi."

Sikuona tofauti. Niliona tu kwamba nimepigana vita vya mtu aliyehamia upande wa pili. Nikatoka kunawa mikono kwenye pipa la nje ili nisilie mbele ya watu. Nikiwa huko nilisikia televisheni ikitangaza kipindi cha wiki ijayo, na mafundi wakapiga unyende mmoja mkubwa. Niliporudi baba alikuwa anatabasamu peke yake, kama mtu aliyepata mvule kwa bei ya kuni.

Njiani kurudi Kawangware akasema, "Alhamisi huo mlingoti uushike vizuri. Usiutikise hata kidogo."

"Hata Sitati akiongea?"

"Hata Sitati akiongea."

Nikaitikia. Moyoni nilijua nimenyang'anywa silaha na baba yangu mwenyewe, na nikamweka kwenye foleni moja na mama na ule "mpishe" wake.

Alhamisi ikafika, na upepo wa kweli ukavuma. Ajabu, baba alirudi mapema kuliko siku zote. Alikuja moja kwa moja nyuma ya nyumba, na bila kusema neno akaweka mikono yake juu ya yangu, akaukaza mlingoti. Nikadhani amekuja kunilinda nisiutikise.

"Leo iko poa!" walisema ndani. "Hadi nyusi tunaona!"

Sitati akaongea. Wakacheka. Nikauma meno, baba akazidi kukaza.

Kisha ikaja sauti mpya ya mwanamke, na kabla ya sauti, mlio wa funguo. "Nani anapiga pasi? Nasema nani anapiga pasi?"

Ndani kukawa kimya. Halafu mtu mmoja akacheka kwa pua. Halafu mwingine. Kule kwenye kioo, kama nilivyosimuliwa baadaye, Sitati alikuwa amekwenda kumtembelea nduguye kwenye ploti, na mwenye ploti, waliyemwita Mama Swichi, alikuwa akinusa milango ya wapangaji kama paka. Wapangaji wa Mama Shiro walijizuia kadiri walivyoweza, kisha wakashindwa, wakaanza kucheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kikitoka kwenye nyumba ile. Hiki kilitoka tumboni. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Sasa ulikuwa umegeuka.

"Naliaka!" Mama Shiro akaita. "Zungusha hiyo antena! Picha ni mbaya!"

"Aii, Mama Shiro, picha iko sawa!" wakajibu wote. "Usiguse, Naliaka! Hapo hapo!"

Sikugusa. Mlingoti ulikuwa kama umeota mizizi. Kwenye kioo Mama Swichi alikuwa anatishia kuzima stima, akaizima kweli, watu wakapiga makofi. Na hapo nikasikia kishindo ukutani, na ploti yetu yote ikawa giza. Mama Shiro alikuwa ameshindwa kuvumilia. Alikuwa amekwenda nyuma ya mlango wake akaibamiza swichi, palepale, mbele ya watu wote.

Kisha humo gizani sauti ya mwanamke, nyembamba, iliyobanwa puani isijulikane, ikaita: "Mama Swichi!"

Mungu wangu. Watu walitoka mle ndani wakipapasa kuta, wamebanwa na kicheko, wakivaa viatu visivyo vyao. Baba alikuwa bado ameshika mlingoti, na nilisikia kifua chake kikitetemeka mgongoni mwangu.

Hilo jina halikumtoka tena. Hakuna aliyemwita usoni, lakini mabati hayazuii maneno, na asubuhi moja kitoto kinachojifunza kusema kikamwamkia mferejini, "Mama Swichi!" Alizungusha macho akitafuta anayecheka. Kila mtu alikuwa anaangalia ndani ya mtungi wake. Jioni ya siku hiyo baba alipoingia getini, Mama Shiro alimtazama, akameza mate, akasema, "Habari ya kazi, Baba Naliaka." Jina likawa limerudi. Televisheni ilihamishiwa chumbani kwake na Alhamisi zetu zikaisha. Wenzangu walilia. Mimi ningelilia nini, na kioo chenyewe sikuwahi kukiona?

Kanisani hutuambia tusamehe. Nimesamehe mengi na wengi, hata mume wangu. Ile foleni ya mitungi bado nimeiweka moyoni, na kila kichekesho kinapomleta mtu kutoka kwetu ili achekwe kwa ulimi wake, natafuta kwa mkono mlingoti ambao haupo.

Basi wiki iliyopita, yule fundi wa kwenye kioo alipokuwa akihangaika, baba alitoa maoni yake. "Huyu ni wa uongo," akasema. "Hata nyundo ameishika vibaya." Nami nikiwa na kutu mkononi nikamuuliza jambo ambalo miaka yote sikuwahi kuuliza. "Baba, ile siku ya Mama Swichi. Ulijua?"

Akanitazama kana kwamba nimechelewa sana. "Nilirudi mapema kufanya nini?"

Utoto wangu wote niliamini kwamba wazazi wangu waliinama na mimi peke yangu ndiye niliyepigana. Kumbe mimi nilikuwa natupa mchanga tu. Baba alikuwa akingoja, na alipoona silaha imekuja yenyewe kule kwa Mama Zubeda, alitaka tu mikono isitetemeke.

"Kwa hiyo upepo ulikuwa wewe," nikamwambia.

"Mimi nilishika mlingoti tu," baba akasema. "Aliyeita kwa giza si mimi. Mimi nilikuwa nje na wewe."

Akageuka polepole kumtazama mama. Nami nikageuka. Mama alikuwa amepakata ungo akichambua mchele, hakuinua hata kichwa.

"Mwenye nguvu mpishe," akasema, kwa sauti nyembamba aliyoibana puani.