Bosi na Jogoo wa Mnada

Nikikaanga dagaa leo, harufu yake inanirudisha kijijini kwetu Nkoaranga, kwenye mfuko wa sketi yangu ya shule. Mfuko ule ulinuka dagaa hata baada ya kufuliwa, mpaka mwenzangu wa dawati akaomba kuhamishwa. Msinicheke. Nilikuwa nafundisha mbwa.

Baba Mdogo ndiye aliyemleta kutoka mjini, kamfunga kwenye sweta la mitumba, masikio tu yakionekana. Tukamwita Bosi. Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameshaua vifaranga wawili wa jirani yetu, Mama Eliya. Mama aliomba radhi, akalipa, kisha akanigeukia.

“Elinuru, akigusa kuku mwingine anarudi alikotoka.”

Nilianza uani, na dagaa mkononi. “Kaa! Kaa! Kaa!” Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka, naye akinitazama kama redio ya jirani. Baba Mdogo alinisikiliza, akatikisa kichwa. “Ukimwambia mara kumi, unamfundisha kungoja ya kumi. Sema mara moja, halafu subiri.”

Basi nikasema mara moja, nikasubiri. Akikaa, anapata dagaa. Uani alielewa upesi. Tukahamia migombani, kuku wakichakura karibu, nimemshika kwa kamba. Hapo alisahau hata jina lake, ikabidi turudi nyuma tuanze upya, mbali kidogo na kuku. Baadaye tukaenda barabarani, siku zile pikapu za wanunuzi wapya wa kahawa zilipopanda mlimani na watoto wote wakizikimbilia wakishangilia. Bosi alitetemeka mwili mzima, lakini makalio yake yalibaki chini. Nilijua nimemweza.

Jumapili moja alitoroka nyumbani akatufuata kanisani. Ibada ilikuwa imekwisha, mzee wa kanisa ananadi sadaka nje: mkungu wa ndizi, mayai, jogoo mwekundu aliyeletwa na Mama Eliya mwenyewe. Kamba ya jogoo ikafunguka. Akaruka juu ya mabega ya watu, akatua kwenye nyasi, akatimua mbio, na nyuma yake nikamwona Bosi anachomoka kama jiwe la manati.

Watu walipiga mayowe. Gauni langu la Jumapili halikuwa na dagaa hata mmoja.

“Bosi, kaa.”

Akateleza kwenye nyasi, akageuka, akaketi. Ulimi nje, macho kwangu. Jogoo akakamatwa na vijana.

Mzee wa kanisa akauliza, “Na huyu mbwa, tuanzie shilingi ngapi?”

Watu wakacheka. Sauti moja ikatoka upande wa kina mama, kali kuliko zote.

“Huyo hauzwi!”

Alikuwa Mama.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama ushindi wa Bosi. Nilipopata watoto wangu mwenyewe ndipo nikakumbuka vizuri uso wa Mama pale uwanjani, nikagundua kwamba hakuwa akimtazama mbwa hata kidogo. Alikuwa akinitazama mimi, binti yake mpiga kelele, niliyesimama mbele ya usharika mzima, nikasema neno mara moja, kwa sauti ya kawaida, nikiwa na hakika kwamba litasikika.