Mwanamke anayepanga zamu za jua Korbesa

Saa moja asubuhi, Korbesa. Umulkheir Adan anapanda ngazi ya chuma, ndoo ya maji ya sabuni mkono mmoja, kitambaa cha pamba begani. Juu ya fremu kuna paneli thelathini na sita za sola. Anaziosha moja baada ya nyingine, bila haraka, kama mtu anayemwogesha mtoto asubuhi ya Idd.

Akimaliza anashuka, anafungua kisanduku cha swichi kilicho ukutani, anasubiri. Bomba linakohoa mara mbili, kisha maji yanatoka. Hapo ndipo anapochukua leso yake nyekundu na kuifunga kwenye mti mrefu kando ya tangi.

"Zamani injini ndio ilikuwa inaita watu," anaeleza. "Ulikuwa unasikia tu-tu-tu ukiwa mbali, unajua maji iko. Hii sola haina kelele. Mchungaji anafika pale kwa kilima anasimama, hajui kama atapata maji ama atapata maneno. Kwa hivyo nikatoa leso yangu."

Umulkheir ana miaka arubaini na minne na watoto wanne. Ndiye mlinzi wa kisima hiki kirefu, kazi anayolipwa shilingi elfu tisa kwa mwezi na kamati ya maji ya kijiji. Lakini ukimuuliza kazi yake ni nini, hatakuambia ulinzi. "Mimi napanga jua," anasema, na hacheki.

Na kweli analipanga. Akishirikiana na Mzee Tache Mamo, ambaye ni abba herega, yaani mwenye kugawa zamu za kunywesha mifugo kwa desturi ya Waborana, amezigeuza zamu zote zifuate jua. Mitungi ya nyumbani na ndama ni asubuhi, jua likiwa bado pole. Mbuzi hufuata. Ngamia huja adhuhuri, pampu ikiwa na nguvu zake zote, maana ngamia aliyekaa wiki nzima bila maji hanywi, anahamisha kisima.

Kabla ya sola, hapa paliunguruma injini ya dizeli. Aliyeitunza alikuwa mumewe, Abdikarim. Wakati wa kiangazi ilikunywa lita thelathini kwa siku, na kila tone lilitoka Isiolo kwa mapipa, safari ya karibu siku nzima kwa lori. Mvua ikikata barabara, au michango ikichelewa, injini ilinyamaza na watu wakakaa.

"Tulikuwa tumekalia maji na tuna kiu," anasema Umulkheir. "Maji iko chini ya miguu yako. Unaisikia karibu, lakini unangoja lori."

Mafundi wa sola walipokuja miaka minne iliyopita, Abdikarim aliwaangalia siku mbili, akasema vioo si kazi ya mwanamume, akaenda kuchunga ngamia wa watu upande wa Sericho. Mkewe alibaki. Aliwashikia mafundi spana, akawauliza maswali mpaka wakachoka, na walipoondoka yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Kisha ukaja ukame. Kati ya ng'ombe kumi na mmoja wa nyumba yake, kumi walikufa. Wa mwisho, jike wa kijivu aliyeitwa Dalacha, aliposhindwa kusimama, alichinjwa akiwa angali hai ili nyama iwe halali. Ikakatwa mikanda mirefu ya kukaushwa, ile inayotengenezwa nyirinyiri, nyama kavu ya kuhifadhiwa kwenye mafuta. Mama mkwe wake, Kuno, akauliza itaanikwa wapi mbwa wasifike.

Umulkheir akatazama juu.

"Paneli iko juu, iko moto kuliko jiwe," anasema, akificha uso kwa mtandio. "Ayyo Kuno akaniambia, mwanangu, Mungu amekuletea pahali pa kuanika. Siku mbili tu, nyama imekauka kama mbao."

Jirani waliona. Siku zile kila boma lilikuwa linachinja mnyama wake wa mwisho, na kitu kizuri hakifichiki. Baada ya wiki mbili, safu nzima za paneli zilikuwa zimevaa nyama, zikiwemo nyama za wake wa wanakamati. Kila asubuhi Umulkheir alipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, asijue kwamba anapaka mafuta tu kutoka kioo hiki hadi kile.

Maji yakaanza kupungua. Adhuhuri, saa ya ngamia, bomba lilitoa uzi mwembamba kama kidole cha mtoto, na jua linawaka kuliko walivyowahi kuliona. Wazee wakakutana kwenye kivuli cha nyumba ya pampu, wakaamua: sola imeshindwa, ing'olewe, na lori litoke Isiolo siku ya Ijumaa na injini.

Umulkheir angepoteza kazi, na ndiyo pesa pekee iliyokuwa ikiingia nyumbani wakati ule. Anasema hilo halikumuuma sana.

"Kazi ni kazi. Lakini injini ikirudi, dizeli tungelipa na nini? Ng'ombe ya kuuza imekufa. Hiyo kisima tungeifunga sisi wenyewe, kwa mikono yetu."

Jumatano alipanda kilima kutafuta mtandao, akampigia Sahal, fundi wa sola wa mjini Isiolo. Sahal alimuuliza kama ameosha paneli. Akajibu amepangusa. Sahal akamwambia apande ngazi, apitishe kidole kwenye kioo, akinuse.

"Nikanusa," anasema Umulkheir. "Ilikuwa mafuta ya ng'ombe. Kidole yangu ilinuka Dalacha."

Angeweza kunyamaza. Lakini kuosha mafuta yale kulihitaji sabuni na mitungi minne ya maji, mbele ya watu ambao ndama wao walikuwa wamelala chini kwa kiu. Na asiposema, kesho nyama ingepandishwa tena. Alhamisi akasimama mbele ya wazee, akawaambia sola haijashindwa. "Tumeifunika macho, na wa kwanza kuifunika ni mimi," alisema.

Mzee Tache, aliyekuwa mkali kuliko wote kudai injini, anaikumbuka siku ile vizuri. "Nikamuuliza, maji ya nani utamwaga juu ya chuma? Kila mtu akaangalia ndama wake. Nikasema basi chukua ya zamu yangu. Lakini kama unaongopa, ndama wangu utawanywesha na mate yako!" Anacheka hadi fimbo inamtoka.

Kuno ndiye aliyetangulia kupanda ngazi, na umri wake wote. Wanawake wengine wakamfuata, kila mmoja akaenda kuosha pale alipoanika. Hakuna aliyeulizwa pake ni wapi.

Adhuhuri ile bomba lilipiga hori la kunyweshea mifugo hadi maji yakaruka nje. Umulkheir anasema alilia mbele ya wanaume na hakuona aibu. Jioni lori likapigiwa simu lisije.

Tangu hapo nyama huanikwa kwingine. Nyumbani kwake, ambako kuna paneli moja ndogo na balbu mbili, hakuna taa inayowaka chumba kisicho na mtu, na simu za jirani huchajiwa mchana pekee, jua likiwa la kutosha. "Usiku unakula akiba," huwaambia. Sahal naye sasa humletea walinzi wa visima vingine wajifunze kwake. Amekwisha kufundisha watatu, mmoja kutoka Sericho, na wawili kati yao ni wanaume. Somo la kwanza ni kunusa kidole.

Saa sita kasoro, mbuzi wa Hoda, jirani yake, wanamaliza kunywa na kuondolewa. Hori linajaa tena. Mzee Tache anainua fimbo na kuita kwa sauti: "Umulkheir!"

Hakuna mnyama anayesogea. Ngamia wanangoja nyuma, wachungaji wao wamewashika. Maji yametulia, yamefika ukingoni.

"Hana hata kwato moja," anaeleza Mzee Tache. "Lakini mtu ametupatia maji, atakosaje zamu? Kila siku ya tatu, baada ya mbuzi wa Hoda, ni yake. Muda wa ng'ombe mmoja kunywa ashibe. Hata jua likiwa kali namna gani, hakuna anayeigusa."

Umulkheir anaweka akiba ya kununua mtamba wa kijivu. Amefika nusu ya bei, na anatumaini kumnunua kabla ya mvua za vuli. Jina amekwisha kulichagua: Dalacha.

"Siku nitamleta hapa, hataanza kutafuta nafasi kwa watu," anasema. "Atakuta inamngoja."

Anasimama kando ya hori, mkono juu ya ukingo, mpaka muda wake uishe wote. Kisha anageuka, anawapungia wachungaji wa ngamia waje.